Waacheni watoto na klabu zao
Huyu mdau anayesema shule ndogo zifute klabu ili watoto wakae tuisheni mpaka jioni, hajasoma shule ya kata huku kwetu Mufindi. Sisi tulikuwa wachache, mwalimu wa baiolojia ndo huyohuyo kocha wa netiboli na mlezi wa Malihai (klabu ya wanyamapori na mazingira), mtoto mmoja unamkuta skauti, kwaya na debeti maana watu hawatoshi. Mi fomu wani nilikuwa bubu kabisa, debeti ya Ijumaa ndo ilinitoa aibu, kingereza cha kuokoteza na baridi ya Juni meno yanagongana 😂 Malihai tulipanda miti tu, hifadhi ya Ruaha hata geti hatukuliona, nauli ilikosekana kila mwaka. Afu UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, bila mazoezi ya jioni mtapeleka nani?