Kabla ya Kukatwa Taya, Jua Kilichoupanua Uso

Msimu wa harusi ukifika Tanga, picha ya kibao kata hupitishwa kwanza kwenye programu ya simu, kidevu kikachongoka, na kesho yake mtu anaulizia bei ya kupunguzwa taya Korea Kusini. Hapo pameshaachwa swali la kwanza: kilichoupanua uso ni msuli au ni mfupa?

Weka vidole kwenye kona ya taya, chini ya sikio, kisha ng'ata meno kwa nguvu. Kinachotutumka hapo ni msuli wa kutafunia. Kwa anayesaga meno usiku au kutafuna jojo kutwa, msuli huo hunenepa mpaka uso ukawa wa mraba. Mtu kama huyo hahitaji msumeno. Sindano ya Botox, dawa ya kulegeza msuli, kwa kawaida yuniti 20 hadi 30 kila upande, huusinyaza ndani ya wiki 4 hadi 8, na baada ya miezi kadhaa msuli hurudi. Wengi huona kurudi huko ni hasara. Mimi naona ni salama, kwa sababu mfupa uliokatwa haurudi. Na uso ukivimba upande mmoja tu, usiwaze urembo: nenda hospitali ya Bombo upigwe eksirei, maana ameloblastoma, uvimbe unaoota ndani ya taya, huanza bila maumivu.

Ikiwa kweli ni mfupa, picha ya CT ndiyo huonyesha mshipa wa fahamu unapita wapi ndani ya taya. Mgonjwa hulazwa usingizi, mrija wa hewa ukipitia puani. Daktari huchana ndani ya mdomo, kando ya ufizi wa chini, hivyo hapabaki kovu usoni. Kisha hukata kona na ukingo wa chini kwa mstari mmoja mrefu kuelekea kidevuni. Kidevu kikipunguzwa, kipande cha kati hutolewa, pande mbili zikaungwa kwa bamba na skrubu za titani.

Mshipa ule wa fahamu ukivutwa, mdomo wa chini hufa ganzi kwa miezi. Ukikatwa, ganzi yaweza kuwa ya kudumu, uji ukachuruzika kidevuni bila mwenyewe kuhisi. Ukikatwa mfupa mwingi mno, nyama hukosa pa kushikilia, zikaning'inia. La kutisha zaidi ni damu: mishipa mikubwa iko nyuma ya taya, mahali pa kina pasipoonekana vizuri. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja wa Korea Kusini alivuja damu nyingi katika upasuaji huu, akafariki. Kifo chake kilichochea sheria ya kamera kwenye vyumba vya upasuaji, iliyoanza kutumika Septemba 2023.

Uvimbe hukolea siku ya 2 na ya 3. Wiki 2 ni za uji, mtori na supu iliyochujwa. Umbo lenyewe huonekana baada ya miezi 6 hadi 12. Wakala wa safari za matibabu huuza siku 10 za hoteli. Usaha ukitoka wiki ya 3, wewe umesharudi Tanga, na daktari wa huku atataka picha za CT za kabla na baada, ripoti ya upasuaji na aina ya mabamba yaliyowekwa. Makubaliano ya kukabidhiwa hivyo vyote yaandikwe kabla hujalipa.