Kabla hamjaamini ile voisi noti ya jini

Kwanza hakukuwa na jini. Huyu shoga yangu ameshatuma voisi noti kwenye magrupu matatu eti nimekimbizwa na jini huko Uskochi, sasa ngojeni niseme mwenyewe kabla haijafika kwa mama.

Si mnajua tulipanda meli usiku kucha kutoka Aberdeen mpaka visiwa vya Shetland (nilitapika njia nzima, hiyo tuiache), ndo tukafika Huxter, kule Sandness, kuona vinu vya zamani vya kusagia nafaka kwa nguvu ya maji. Viko vitatu, vya mawe, vimefuatana kwenye kijito kinachotoka ziwani kushuka baharini, ng'ambo unakiona kisiwa cha Papa Stour. Vidogo jamani, kama banda la mbuzi. Na mimi njia nzima nilikuwa mwalimu, nawaahidi watu gurudumu kubwa limesimama. Natazama, hakuna. Nikatangaza kwa sauti: "Wameliiba!" Mzee mmoja mtalii akanionyesha chini kwa fimbo. Kumbe linalala! Liko uvunguni kama feni ya dari iliyoanguka, maji yanapiga mapanga yake, mhimili unapanda moja kwa moja mpaka kwenye jiwe la juu la kusagia, hakuna gia hakuna mkanda, lenyewe likizunguka mara moja na jiwe mara moja.

Mtu mwenye akili angepiga picha akaondoka.

Mimi nikainama nikaingia uvunguni. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa kubembelezwa. Jaketi langu lile la kuvimba (we unayecheka, uliniazima wewe) likagoma, nikabaki nusu ndani, makalio nje yanaangalia bahari. Giza. Maji ya baridi yananipita viganjani. Nikawasha tochi ya simu, na hapo mbele, pua kwa pua, macho mawili ya njano, mboni zimelala kama lile gurudumu. Hayapepesi. Halafu likakohoa. Nawaapia, lilikohoa kama marehemu babu.

Nikasema, "Shikamoo."

Likajibu mbeee.

Nilivyotoka sijui, jaketi likachanika mgongo mzima, nikakaa chubwi kwenye kijito, kondoo akanipitia juu akaenda zake kula majani, mzee akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, basi. Shoga alikuwa anarekodi na amekata palepale kwenye shikamoo, ndo maana mnasema jini.

Na hapana, hakuitikia marahaba, acheni kuniuliza.