Bia mbili si kidogo kama una hepatitis

Mtu akipimwa Nairobi akapatikana na hepatitis B, yaani virusi vinavyoshambulia ini, wa kwanza kumpa ushauri huwa si daktari, ni wasee wa meza yake pale lokal, na watamwambia aendelee tu na zake mbili za kuteremsha nyama, ati ukikunywa kiasi hakuna shida. Hii maneno inaniuma sana juu wanaoisema wanampenda na ndio maana anawaamini.

Kiasi ni gani kwanza? Chupa yetu ya kawaida ni nusu lita, ikiwa ni bia ya asilimia 5 iko na karibu gramu 20 za pombe yenyewe, na WHO, Shirika la Afya Duniani, huhesabu kinywaji kimoja kuwa gramu 10. Kwa hivyo hizo mbili ni vinywaji vinne, na hapo ni kama kweli aliishia mbili.

Sasa fikiria ini. Mwili ukipigana na virusi ini linavimba na kupata makovu pole pole, miaka na miaka, na pombe nayo inavunjwa hapo hapo kwenye ini inageuka asetaldehaidi ambayo ni sumu kwa seli, so yule ana virusi anaumizwa mara mbili mahali pamoja, makovu yanaongezeka haraka, inakuja sirosisi, yaani ini limejaa makovu na kuwa gumu, na saratani ikiwa karibu. Na ini halina kelele, mtu anaenda job vizuri tu, mpaka macho yawe manjano na tumbo lijae maji. Ndio maana "mimi nakunywa na niko fiti" hainiambii kitu.

Kuna wenye wanataja utafiti ati wanaokunywa kidogo huishi miaka mingi kuliko wasiokunywa. Baadhi ya hizo hesabu ziliweka kwa kundi la wasiokunywa hata watu walioacha pombe juu walikuwa wagonjwa tayari, sasa wanywaji watakosaje kuonekana wazima? WHO ilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama, na hapo haikuwa inaongea na wenye hepatitis peke yao.

Hepatitis C, virusi vingine vya ini, siku hizi inatibika kwa tembe, wiki 8 hadi 12, na zaidi ya asilimia 95 wanapona. B bado, dawa kama tenofovir inavituliza tu virusi. Lakini hata aliyepona C, kama sirosisi ilikuwa imeshaingia, bado anatakiwa altrasaundi kila miezi 6 kuangalia saratani, na pombe kwake bado ni hapana, hata hiyo moja ya harusi.