Vyuo Vinamtafuta Tajiri, Vinampoteza Mchangiaji

Barua ya kuomba mchango inayoanza na "Mpendwa Mhitimu" bado inatumwa na vyuo, na kila inapotumwa inaharibu kitu. Anayeipokea alikaa chuoni miaka mitatu au minne. Chuo kina jina lake kamili, namba ya usajili, kozi, mwaka wa kuhitimu, hata matokeo ya somo alilolirudia. Siku ya kumwandikia kinamsalimu kama mpita njia. Aya ya kwanza ni mpango mkakati, ya pili ni sifa za jengo litakalojengwa, ya tatu ni namba ya akaunti. Hakuna mstari hata mmoja unaomuuliza yuko wapi siku hizi na anafanya kazi gani.

Wahusika wakiulizwa kwa nini wahitimu hawachangii, jibu huwa ni lilelile: hawana moyo wa kutoa. Sikubali. Watu haohao wanachangia matibabu ya wenzao, wanalipia ada watoto wa ndugu zao, wanachangishana kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa lao na hesabu inatoka kesho yake asubuhi. Moyo wanao. Kinachokosekana ni chuo kushika mkono ulionyooshwa.

Kila mkutano kuhusu mustakabali wa uchangishaji vyuoni unazungumzia akili mnemba, mabilionea na kampeni za kidijitali. Mimi nasema mustakabali huo unaamuliwa na jambo moja ambalo halipewi hata dakika kumi kwenye mikutano hiyo, nalo ni mchango wa pili. Mchango wa kwanza mara nyingi unatolewa kwa hisia: mahafali, maadhimisho ya miaka ishirini ya darasa, rafiki aliyekusihi. Wa pili ni uamuzi. Mtu ameona kilichofanyika kwa pesa yake ya kwanza, akarudi. Chuo kisichojua ni wachangiaji wangapi wa mwaka jana wamerudi mwaka huu hakijui lolote la maana kuhusu uchangishaji wake, hata kama jumla ya makusanyo imepanda.

Tuufuate mchango mmoja mdogo. Mhitimu anatuma pesa kwa simu saa tatu usiku. Upande wa chuo unaingia kama mstari mmoja kwenye taarifa ya akaunti: tarehe, kiasi, namba ya simu yenye tarakimu zilizofichwa, na kwenye sehemu ya kumbukumbu neno "mchango". Mara nyingi namba ya malipo ni ileile inayopokea ada na kodi ya bweni. Mhasibu hana pa kuupeleka, anauweka kwenye mapato yasiyotambuliwa hadi mwisho wa mwezi. Ofisi ya wahitimu haioni taarifa za benki, inaletewa jumla kila robo mwaka. Kwa hiyo risiti haikutoka, shukrani haikutoka, jina halikuingia kwenye kanzidata. Miezi tisa baadaye mtu huyo anapokea barua inayomwomba "ajiunge na wenzake waliokwisha kuchangia". Amekwisha kuchangia. Chuo ndicho kisichojua, na yeye sasa anajua kwamba hakijui.

Kulirekebisha hili hakuhitaji mshauri wa kulipwa. Michango iwe na namba yake ya malipo, isichanganywe na ada hata siku moja. Kila mhitimu apewe msimbo mfupi, mwaka wa kuhitimu na namba ya mfuatano vinatosha, na msimbo huo uwekwe ndani ya kiungo cha malipo anachotumiwa ili asilazimike kuuandika, kwa sababu akiulizwa auandike atakosea au ataacha. Idara ya fedha itume orodha ya miamala kila asubuhi ya siku ya kazi. Muamala usio na mwenyewe utafutwe siku hiyohiyo kupitia ujumbe mfupi au kampuni ya malipo. Ukingoja mwisho wa mwezi hakuna atakayekumbuka. Risiti itoke yenyewe papo hapo. Shukrani ya binadamu, yenye jina la mchangiaji na kusudi la mchango wake, itoke ndani ya siku mbili. Mtu anayetoa kwa mara ya kwanza katika maisha yake apigiwe simu, bila kujali kiasi, na katika simu hiyo asiombwe chochote.

Halafu ripoti, ambayo ndiyo vyuo vingi vinaishindwa. Ije kabla ya ombi linalofuata, kati ya mwezi wa tatu na wa sita. Ukurasa mmoja unatosha. Isiwe picha ya mkuu wa chuo akipokea hundi kubwa ya karatasi. Iseme tumenunua darubini nane, sita ziko maabara ya pili, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanazitumia kila Jumanne, mbili zimechelewa bandarini. Sehemu ya darubini mbili zilizochelewa ndiyo inayojenga imani kuliko zile sita. Mchangiaji ni mtu mzima, anajua mambo hukwama. Asichosamehe ni kimya.

Wanaotaka kuanza moja kwa moja na bilionea waangalie mabilionea wenyewe walivyoanza. Michael Bloomberg, bilionea wa Marekani, alihitimu Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1964. Mwaka uliofuata alikitumia chuo dola 5. Mwaka 2018 alitangaza kukipa dola bilioni 1.8 kwa ajili ya wanafunzi wasio na uwezo wa kulipa. Katikati kuna zaidi ya miaka hamsini ya kuandikwa, kushukuriwa na kurudi. Ruth Gottesman, aliyekipa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein huko New York dola bilioni 1 mwaka 2024 ili wanafunzi wasilipe ada, hakusoma hapo; alianza kufanya kazi hapo mwaka 1968. Zawadi kubwa zina mizizi mirefu namna hiyo. Swali la kuulizana ofisini ni hili: leo hii mtu akituma dola 5, nani atajua?

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba fedha nyingi za vyuo vikubwa duniani zinatoka kwa watu wachache sana, na mkuu wa chuo anayewafuata watu hao anafanya kazi yake. Lakini pesa kubwa huja na masharti. Familia ya Robertson iliipa Princeton dola milioni 35 mwaka 1961 kwa ajili ya kuwaandaa vijana kwa utumishi wa serikali. Mwaka 2002 warithi walikishtaki chuo wakidai fedha zimepelekwa kwingine, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2008, chuo kikikubali kulipa mamilioni ya dola ya gharama za mawakili pamoja na fedha za kuanzishia taasisi mpya ya familia hiyo. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Tufts kiliondoa kwenye majengo na programu zake jina la Sackler, familia yenye kampuni ya dawa za maumivu iliyolaumiwa kwa kuchochea uraibu. Chuo kinachoishi kwa wachangiaji watano kina mabwana watano. Chenye wachangiaji elfu kumi kinaweza kumwambia mmoja wao hapana.

Hesabu nayo ifanywe wazi, maana wahitimu wengi wanaombwa kuchangia mfuko wa wakfu bila kuelezwa unavyofanya kazi, kisha wanashangaa kwa nini pesa zao "zimekaa benki". Mfuko wa wakfu hautumiwi wenyewe. Unawekezwa, na kila mwaka hutolewa kiasi cha asilimia 4 au 5 ya thamani yake, na faida inayobaki inaufanya usiliwe na mfumuko wa bei. Kwa hiyo ufadhili wa dola 1,000 kwa mwaka, milele, unahitaji mtaji wa kati ya dola 20,000 na 25,000. Darasa la watu 80, kila mmoja akitoa dola 5 kwa mwezi, linakusanya dola 4,800 kwa mwaka. Miaka mitano inatoa 24,000 kabla ya faida yoyote. Darasa moja la kawaida, lisilo na tajiri hata mmoja, limeacha nafasi ya masomo isiyokwisha. Hesabu hii iandikwe kwenye ombi lenyewe. Watu wakiiona wanaelewa dola 5 zao zina kazi gani.

Lakini mtoaji wa kila mwezi hupotea kimyakimya. Kadi ya benki inaisha muda, namba ya simu inabadilika, malipo yanakataliwa, na mfumo unamfuta bila kumwambia mtu. Yeye mwenyewe anadhani bado anachangia. Lazima kuwe na mtu ofisini ambaye kila mwezi, siku ileile, anachukua orodha ya malipo yaliyoshindikana na kuwasiliana na wenyewe ndani ya wiki, na orodha nyingine ya kadi zitakazoisha muda ndani ya siku sitini. Ni kazi ya nusu siku. Sijui kazi nyingine ya nusu siku yenye faida kama hiyo katika ofisi ya wahitimu.

Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vilikuwa na sababu ya ziada ya kumthamini mchangiaji mdogo: orodha ya ubora wa vyuo inayotolewa na U.S. News, chombo cha habari cha huko, ilihesabu asilimia ya wahitimu wanaochangia. Kipimo hicho kiliondolewa mwaka 2023. Hakikuwa kipimo safi, kwa kuwa asilimia ilipigwa juu ya wahitimu ambao chuo bado kina mawasiliano nao, hivyo waliopotezwa hawakukipunguzia chuo alama, na vyuo vyenye watoto wa matajiri vilikuwa na mteremko tangu mwanzo. Hata hivyo naogopa kilichofuata. Palipokuwa na sababu ya kuhesabu watu, sasa imebaki sababu ya kuhesabu fedha tu, na anayehesabu fedha tu atafunga kitengo cha michango midogo kwenye bajeti ya kwanza itakayobana.

Siku maalumu za kuchangia, za saa ishirini na nne, ni nzuri kwa kupata wachangiaji wapya. Ni mbaya kama wiki inayofuata hakuna aliyepangwa kuwashukuru.

Akili mnemba itaandika barua elfu moja kwa dakika, kila moja na jina. Ikilishwa kanzidata yenye mtu yuleyule mara tatu, ndoa iliyobadilisha jina bila kurekodiwa, na marehemu ambao familia zao ziliwahi kutoa taarifa ikapotea, itatuma makosa hayo kwa ufasaha zaidi. Barua ya kuomba mchango inayomfikia mjane ikiwa na jina la mumewe haisahauliki. Kwanza zisafishwe taarifa. Na zilindwe: mwaka 2020 wadukuzi waliingia kwenye mifumo ya Blackbaud, kampuni inayotunza kanzidata za wachangiaji wa vyuo vingi vya Marekani na Uingereza, na vyuo vikalazimika kuwaandikia wahitimu wao kuwaeleza ni taarifa gani zimechukuliwa. Taarifa usiyoihitaji usiitunze.

Chanzo cha taarifa mbovu kinajulikana. Kwa miaka yote ya masomo chuo kinawasiliana na mwanafunzi kupitia anwani ya barua pepe ya chuo, na miezi michache baada ya mahafali kitengo cha TEHAMA kinaifunga ili kuokoa gharama za leseni. Siku hiyo mlango pekee wa mawasiliano unafungwa na chuo chenyewe, bila ofisi ya wahitimu kuulizwa. Anwani hiyo iachwe hai, au walau barua zake zielekezwe kwenye anwani binafsi kwa miaka mitano ya mwanzo. Ile fomu inayozungushwa idara hadi idara kabla ya mtu kupewa cheti, inayokaguliwa vitabu vya maktaba na funguo za bweni, iwe na kituo kimoja zaidi. Hapo achukuliwe barua pepe binafsi, namba ya simu, namba ya ndugu mmoja ambaye hahamihami, na ridhaa yake iliyoandikwa kwamba anakubali kutafutwa na kwa njia ipi. Namba ijaribiwe palepale kwa ujumbe, simu iitike mbele ya karani. Tarakimu moja iliyokosewa siku hiyo ni mhitimu aliyepotea.

Na miaka mitatu ya mwanzo asiombwe pesa. Wengi wao wanatafuta kazi, wengine wanalipa mikopo ya masomo. Watumiwe nafasi za kazi zilizohakikiwa, waunganishwe na mhitimu wa mwaka wa nyuma aliye kwenye fani hiyohiyo, waulizwe ni somo gani lingewafaa zaidi kama lingefundishwa vingine, na majibu yao yapelekwe kwenye idara husika kwa majina ya masomo. Mwaka wa nne mtu apige simu, aanze na jina lake, ataje kazi anayoifanya sasa, ndipo amuombe dola 5.