Taa ni jamaa ya papa
Kusema kwamba samaki aitwaye taa ni ndugu wa samaki gayogayo kwa kuwa wote ni bapa, kama makala moja niliyosoma inavyodai, si sahihi hata kidogo. Gayogayo ana mifupa na hulala ubavu. Jicho lake moja huhamia upande wa pili angali mdogo. Taa hulalia tumbo na kiunzi chake ni gegedu (kitu laini kuliko mfupa, kama cha sikio), sawa na cha papa. Hapa Bukavu nafundisha biolojia kwa kutumia sambaza, samaki wadogo wenye mifupa wa Ziwa Kivu: mwanafunzi anainua kwa ukucha kifuniko cha matamvua (viungo vya kupumulia), kimoja kila upande. Papa na taa hawana kifuniko hicho, wana matundu wazi, mara nyingi 5 kila upande: ya papa ubavuni mwa kichwa, ya taa chini, nyuma ya mdomo. Walimu wa Goma na Lubumbashi, ninyi gegedu mnaionyesha kwa kutumia nini?