Mkija Kutuuliza, Rudini Mtuambie

Kila mwaka mvua zikishakatika na njia za vijijini zikaanza kupitika, Uwanda wa Makonde, huku kusini mwa Tanzania, hupokea wageni wenye mabegi mgongoni na karatasi nyingi mkononi. Ni wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Wanatoka Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, wengine ng'ambo, na siku hizi, jambo linalonifurahisha sana, wamo watoto wetu wenyewe waliozaliwa Masasi, Tandahimba na Nachingwea. Wanakuja na barua ya chuo. Wameshapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wakashuka wilayani, wakaenda kwa mtendaji wa kata, na mwisho wanafika kwa mtendaji wa kijiji, ambaye anagonga muhuri na kuwatafutia mtu wa kuwatembeza. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Newala, na Kimakonde ndiyo lugha ya nyumbani kwetu, kwa hiyo mara nyingi mtu huyo huwa ni mimi.

Ninachotaka kusema ni hiki: mwanafunzi aliyechukua maelezo ya watu kijijini anapaswa kurudi kuwapa mrejesho, kwa lugha wanayoielewa, na akubali kuulizwa maswali. Na vyuo viihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya shahada. Isiachwe iwe hisani ya mwenye moyo mwema.

Wanaosoma vyuoni wanajua dodoso linavyotengenezwa. Sidhani kama wote wanajua linavyopokelewa. Nilimsindikiza binti mmoja aliyekuwa anatafiti upatikanaji wa maji. Tulikaa kwa bibi mmoja, kwenye mkeka chini ya mkorosho, naye akaacha kubangua korosho zake ili atusikilize. Aliulizwa anatumia ndoo ngapi kwa siku, nani anateka, kisima chake cha kuvunia maji ya mvua kinakauka mwezi gani, na kikikauka anapata wapi fedha ya kununua maji. Hapa kwetu juu uwandani hakuna mito; maji husukumwa kwa pampu kutoka mabondeni, na mitambo ikisimama tunarudi kwenye ndoo. Bibi alijibu yote. Alieleza hata yale ambayo hakuulizwa: ugomvi wa kisimani, mjukuu anayechelewa shule kwa sababu ya maji, na namna alivyopanga kuuza mbuzi ili aufukie ufa wa kisima chake. Mwisho akaweka dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, kisha akauliza:

"Sasa mjukuu wangu, haya ukishayaandika yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda chuoni, bibi."

"Na huko chuoni wakishayasoma?"

Yule binti alinitazama mimi. Sina ubaya naye, alikuwa mpole na mwenye adabu, na hakuna aliyekuwa amemwandaa kwa swali hilo. Lakini mpaka leo bibi akinikuta sokoni, tukishasalimiana, ananiuliza: "Mwalimu, yule mtoto wa maji kafikia wapi?" Anauliza kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mimi sina la kumjibu.

Elimu inayotoka Kusini bila kurudi ina historia ndefu. Mwaka 1952 homa kali yenye maumivu ya viungo ilizuka hapa uwandani. Madaktari wa wakati ule, Marion Robinson na W. H. R. Lumsden, waliichunguza, na mwaka 1955 maelezo yao yakachapishwa katika jarida la kitabibu Uingereza. Huo ndio ugonjwa ambao dunia nzima sasa inauita chikungunya, jina la Kimakonde. Umeshaenea Asia, umefika visiwa vya Bahari ya Hindi na Amerika. Unaenezwa na mbu wa jamii ya Aedes, ambao hupenda kutaga kwenye maji yaliyohifadhiwa majumbani. Fikiria basi nyumba zetu zilivyo, mapipa, ndoo na visima vya mvua uani. Hakuna watu wanaohitaji kuijua habari hiyo kuliko sisi. Ila nikiwauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tatu chikungunya ilielezwa mara ya kwanza wapi, wanataja India.

Tendaguru ni kisa cha zamani zaidi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima hicho cha Lindi. Waliochimba ni watu wa huku, mamia yao, na waliobeba mizigo vichwani hadi bandarini Lindi ni watu wa huku pia. Mmoja wao, Boheti bin Amrani, alikuwa msimamizi wa uchimbaji na fundi hodari wa kuitambua mifupa. Leo mnyama mmoja kati ya hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kimepita mita 13. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Kristian Remes, alipolipa jina dinosaria lingine la Tendaguru, aliliita Australodocus bohetii kwa heshima ya Boheti. Nililisimulia hili darasani, na mvulana mmoja anayetoka Lindi akasimama kuuliza kwa nini hakuwahi kuambiwa. Nami nauliza hivyo hivyo. Mambo ya zama za ukoloni yana lawama zake na wa kulaumiwa. Mwanafunzi wa leo anaongea Kiswahili, ana simu, ana ndugu Mtwara mjini, na basi la kumleta lipo.

Tena tunajua kabisa kwamba inawezekana, kwa sababu korosho imetuonyesha. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho karibu tani 145,000. Miaka ya themanini ilipofika katikati, mavuno yalikuwa yameporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini na kuyaacha mashamba mbali, bei mbaya, na ugonjwa wa ubwiriunga unaoshambulia maua na majani machanga wakati wa kipupwe. Watafiti wa Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwara, walifanya kazi kubwa juu ya ugonjwa huo na juu ya mbegu bora. Kilichouokoa mkorosho, kwa maoni yangu, ni kwamba matokeo yao hayakuishia kabatini. Yalifika shambani. Muulize mkulima yeyote wa Tandahimba, hata asiyemaliza darasa la saba: atakueleza apulizie salfa lini, kwa nini alfajiri wakati upepo umetulia, na kwa nini kuchelewa hadi maua yaungue ni kupoteza fedha. Hiyo ni sayansi iliyotoka maabara, na sasa inazungumzwa kijiweni kwa Kiswahili na Kimakonde.

Najua majibu ya wanafunzi, kwa kuwa nimeshabishana nao sana njiani. Wa kwanza atasema msimamizi wake hataki matokeo yatoke kabla hayajachapishwa. Sawa, lakini bibi wa kisimani hatakuibia makala. Kumweleza kwamba katika kata yake kaya nyingi zinanunua maji kwa miezi fulani ya mwaka hakumzuii mhariri wa jarida kukupokea. Wa pili atasema hana nauli. Hoja hiyo ina uzito, maana wengi wanajisomesha kwa mishahara ya ualimu na uuguzi, na ndiyo sababu nasema chuo kiiweke safari ya kurudi kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, pamoja na karatasi na posho za wasaidizi. Anayeshindwa kabisa kuja, redio za jamii zipo Mtwara na Lindi, na nusu saa ya kipindi kwa njia ya simu inasikika hadi mashambani.

Wa tatu ana neno zito zaidi: matokeo yanaweza kuwaudhi wakubwa. Kweli. Anayetafiti uendeshaji wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya mazao, au mnada wa stakabadhi ghalani, ambako korosho za wakulima huuzwa zikiwa ghalani, anaweza kukuta mambo ambayo mtu hapendi yasemwe mkutanoni. Simshauri mtu awe shujaa. Ayafiche majina kama alivyoahidi kwenye fomu, na aseme kile ambacho data yake inaweza kukibeba. Lakini ukimya nao una gharama. Mwaka 2013 Mtwara iliingia kwenye vurugu kwa sababu ya bomba la gesi, na kati ya mambo yaliyowasha moto ule ni kwamba watu wengi hawakuwa na maelezo waliyoweza kuyaamini. Tangu hapo wasomi wameandika mengi juu ya gesi ya Mtwara. Ningependa kuwaona wakiyasema hapa hapa.

Kuna kitu kingine wanafunzi hawa wanacho, nacho hawakihesabu kabisa: maisha yao wenyewe. Kidato cha nne wangu wanajua daktari, mwalimu, polisi na mwanajeshi. Mtafiti hawamjui. Nilimwomba dada mmoja wa uzamivu, mwenyeji wa Masasi, aingie darasani kwangu kabla hajaondoka. Hakuhutubia. Alitoa daftari lake la utafiti, lenye madoa ya chai, akawaonyesha ukurasa alioukata wote kwa kalamu nyekundu kwa sababu swali lake lilikuwa baya na watu walikuwa wanamjibu wasichokimaanisha. Akaeleza alivyoliandika upya. Akawaambia alivyosoma huku ana mtoto mchanga, na alivyokaa mwaka bila ufadhili. Wasichana wa nyuma, wale ambao huwa siwapati, walimzuia mlangoni wakimuuliza amesoma mchepuo gani na kama hesabu zilimsumbua. Somo langu la siku ile lilikufa, na sikulionea huruma.

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu, na vyuo vingi duniani vimeliiga. Ni zoezi zuri la kujifunza kusema kwa ufupi. Ila wasikilizaji wake huwa ni wasomi wenzao ukumbini. Sisi hatuna haja ya ukumbi. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kila baada ya miezi mitatu, na dakika kumi za mrejesho zinatosha kwenye ajenda. Mwezi Agosti kuna maonyesho ya wakulima ya Nanenane viwanja vya Ngongo, Lindi, ambako wakulima wa mikoa yetu wanakuja wenyewe, wana muda na wana maswali. Banda moja la wanafunzi wa uzamili lingejaa watu kuanzia asubuhi.

Watendaji wa vijiji nanyi mna nafasi yenu. Kijana akifika na barua yake, mpokeeni vizuri, na kabla ya kugonga muhuri mwandikeni kwenye kitabu cha wageni tarehe atakayorudi na namba ya simu yake. Tarehe ikipita, mpigieni. Na kwa mwanafunzi anayesita kwa kuwa Kimakonde hakijui na anaogopa kusimama mbele ya wazee, mimi nipo Newala, siku za shule jioni na Jumamosi kutwa. Nitakukalimania bila malipo, na nitaanza kwa kukupeleka kwa bibi wa maji.