Usiku kwa makao ya watoto, nani anachunga nani?

Tangu serikali itoe ule mpango wa 2022 hadi 2032 wa kutoa watoto kwa makao na kuwarudisha kwa familia, huku Kisumu mabishano hayaishi. Wanaounga mkono hawakawii kutaja vile watoto wanaoneana, eti kwa homu mkubwa anamnyang'anya mdogo sabuni, anamfulisha nguo, anamlia nyama ya Jumapili na hakuna mtu anajua. Wanaopinga nao wanauliza, kwani kwa shangazi huko mtaa wa Nyalenda haonewi? Mtoto yatima ndiye anachota maji ya nyumba nzima na binamu zake wamekaa, na hapo hata hakuna afisa anakuja kukagua.

Mimi hufundisha hesabu Jumamosi kwa makao fulani, jina wacha nilimeze, na naona wote wako na ukweli ila wanaongea mambo ya mchana. Mchana kuna meneja, kuna wageni na maboksi yao ya biskuti. Shida ni taa zikizimwa. Anti, yaani mlezi wa zamu, ni mmoja, watoto thelathini na kitu, na ameshinda akifua, so anaita kijana wa kidato cha pili anamwambia hebu nyamazisha hawa. Sheria ya Watoto ya 2022 imekataza viboko, kwa hivyo anti hachapi, anachapiwa. Huyo kijana hajafunzwa chochote, anachojua ni vile yeye alinyamazishwa akiwa mdogo, halafu asubuhi tunamuita mkorofi.

Nikisema hivyo maanti wananijibu, na hapa wako na pointi, ati bila watoto wakubwa domu, yaani bweni, haiendi. Na ni kweli kuna wale wanaamka saa nane kubadilishia mdogo shuka amekojoa, bila kumwambia mtu, ndio asichekwe. Ukiwanyima wakubwa hiyo kazi kabisa unawanyang'anya pia huo undugu, ambao wengine hawana mwingine.

Dawa ya kawaida ni kuhamisha mkorofi. Mimi siipendi, wadogo wanalala vizuri wiki mbili halafu mwingine anachukua kiti, na yule amehamishwa anafika kwingine mgeni, ni aonewe ama aanze tena. Kuripoti nako, namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure na imeandikwa ukutani vizuri kabisa, lakini simu iko kwa ofisi na ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni.

Kitu kinaniuma ni hii, mfadhili wetu alisikia makao yanafungwa akapunguza pesa, na wa kwanza kuachishwa akawa anti wa pili wa usiku. Mpango wenyewe siupingi, familia nzuri inashinda homu nzuri. Lakini hao wanaongoja zamu yao ya kwenda nyumbani bado wanalala hapo leo, na mtoto aliyeingia 2022 akiwa na miaka 7 atakuwa na 17 mpango ukiisha, katikati hapo ashapewa domu achunge.